Kengele za Krismasi ya Julai

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumatatu, Glenys Tranter alifungua bomba la jikoni kwenye ukumbi wa akina mama wa Dunmerrin, na bomba halikutoa kitu. Maji yalikuwa yameganda tena. Alikuwa na chupa mia mbili na kumi kutoka baa, za bia na za mvinyo, zote zikinuka, na Krismasi ya Julai ilikuwa Jumamosi.

Dunmerrin ina Krismasi mbili. Ile ya Desemba ni ya kanisa, joto na nzi. Ya Julai, ambayo huku ni kipupwe, ni ya baridi, nyama ya kuoka na pudini ya moto, na wageni hupanda milima kutoka Sydney kuja kuila. Kwa miaka kumi na tisa Glenys na mwenzake Noeline wameipamba barabara kuu kwa kengele za chupa. Unakata kitako, unapiga ukingo msasa, unapitisha shingoni waya wenye nati ya kugonga, kisha unapaka rangi nyeupe kidogo iwe theluji. Theluji yenyewe huja mwaka ikipenda.

"Tusuuze kwa maji ya tangi," alisema Noeline.

"Ya baridi?"

"Kwani wewe una ya moto? Birika moja kwa chupa zote hizi! Tutamaliza Pasaka."

Glenys alijua kwamba maji baridi hutoa bia lakini hayatoi maneno. Kila aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua. Maneno yanayosemwa karibu na chupa hung'ang'ania kwenye kioo, na bila maji ya moto na magadi hayabanduki. Lakini mgongo ulikuwa unamuuma na siku zilikuwa zimebaki tano. Akasuuza kwa maji ya tangi.

Tena akili yake haikuwa kwenye chupa. Alhamisi halmashauri ya mji ingekutana kuamua kama ukumbi uuzwe kwa watu wa hoteli au ubaki. Glenys alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba na kupata saini mia tatu na kumi na mbili. Tangu mumewe afariki, ukumbi ule ndio mahali pekee ambapo mtu humuuliza kama anataka chai.

Jumatano walizitundika. Alhamisi asubuhi upepo ulishuka kutoka mlimani, kengele zikalia na kuanza kusema. Ya kwenye duka la nyama ilisema kwa sauti ya kiume kwamba pudini ya mama mkwe haijawahi kulika. Ya kwenye duka la dawa ilimlaani daktari wa meno. Ile ya posta, ya kijani, ilikuwa na sauti ya Ross Haddow, mwenyekiti wa halmashauri.

"Ukumbi tumeshamalizana na wale jamaa tangu Machi," ilisema. "Waacheni akina mama wapambe Julai yao, Agosti tunafunga. Mkutano ni wa kuwaridhisha tu."

Kila upepo ulipovuma, ilirudia. Mji mzima ulisikia, kisha ukaenda kununua mkate.

"Umesikia?" Noeline aliuliza.

"Mimi si kiziwi."

"Basi tumemkamata, mwenzangu! Atasema nini sasa?"

Saa kumi jioni Glenys aliingia mkutanoni na saini zake mkono mmoja na ile kengele mkono wa pili. Akaipuliza. Ross Haddow aliisikiliza mpaka mwisho, kichwa kikiwa upande.

"Ndiyo, ni mimi huyo," alisema. "Ila nilikuwa na mafua."

Watu walicheka. Katibu alieleza kwamba anayetaka kuzungumza huandikisha jina siku mbili kabla, na kengele haikuandikishwa.

"Jamani, ameshauza!" Glenys alipaza sauti. "Tumekaa hapa kama mabwege kujadili kitu kilichouzwa!"

"Tumeelewa, Glenys," alisema mwenye duka la dawa, kwa upole kabisa. "Si sote tulisikia asubuhi?"

Hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Angekuta watu hawaamini, angebishana nao hadi kesho. Hawa waliamini kila neno, na bado walikuwa wakitazama saa. Inachosha hata kusimulia. Kura zilikuwa sita kwa moja, ukumbi uuzwe. Kisha Ross akaomba akina mama wapigiwe makofi kwa mapambo, ambayo alisema mwaka huu yametia fora, na yakapigwa mengi.

Ile ya kijani ilirudishwa posta, kwa sababu pengo lilikuwa linaharibu mstari. Jumamosi wageni walisimama chini yake wakila pudini na kupiga picha. Mama mmoja alimuuliza Noeline kama anaweza kupata inayosema hivyo hivyo lakini ya kahawia, iendane na mapazia yake.

"Basi kanywe baa na mwenyekiti," Noeline alijibu. Mama yule aliandika jina la baa.

Tarehe mosi Agosti, Ross alikuja mwenyewe kuchukua ufunguo. Alimkuta Glenys amefunga kila kitu kwenye masanduku: vikombe, msasa, msumeno, waya. Alisimama mlangoni amevua kofia.

"Umenikasirikia?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Sana?"

"Sana, Ross. Nimechoka na wewe, na mji mzima pia."

"Haya." Alitikisa kichwa kukubali, akautia ufunguo mfukoni. "Nikubebee hilo?"

Glenys alimtazama. Halafu akampa sanduku, kwa sababu lilikuwa zito.