Mahindi Kumi, Meza ya Sita

1.
Miguu ya Bibi Semlowe ilichoka kabla hajafika getini.

2.
MAONESHO YA WAKULIMA — FOMU YA MSHIRIKI
Jina: Bibi Semlowe
Zao: mahindi ya mbegu
Idadi: kumi
Aina ya mbegu (jina kamili): ya mama

"Bibi," karani akasema, "mama siyo aina."
"Kwetu ni aina. Andika."

3.
"Kitendawili!"
"Tega!" Lusungu, mjukuu wake wa miaka saba, alijibu bila kubandua macho kwenye trekta jekundu.
"Nina ndugu wanalala juu ya moto mwaka mzima. Hawaungui. Ukiwashusha ndipo wanazaa."
"Mahindi ya juu ya mafiga! Bibi, hicho cha zamani."
Cha zamani, ndiyo. Hata anayetega.

4.
Wewe ambaye hukukulia kwenye jiko la kuni, sikia. Hindi la mbegu huning'inizwa na maganda yake juu ya moto. Moshi unalipaka masizi, dumuzi, yule mdudu mla mahindi, akinusa anapita mbali. Mwaka huu dumuzi walikula stoo nzima wakaacha unga. Yakapona kumi tu, ya jikoni. Ni mbegu aliyokuja nayo Bibi Semlowe siku anaolewa, imefungwa kwenye pindo la kanga. Kwingine haipo.

Festo, mwanawe, ndiye aliyesema: "Mama, tuyapeleke watu wayaone. Jioni tunarudi nayo."

5.
(Kipaza sauti.) Tunatangaza, tunatangaza. Mwenye mbuzi mweupe mwenye utepe wa bluu, mbuzi wako yuko banda la asali. Tunarudia: yuko NDANI ya banda la asali.

6.
Foleni ya maji. Foleni ya choo. Foleni ya kumwona ng'ombe, kana kwamba nyumbani hawamkamui kila siku. Vumbi. Editha, mke wa Festo, kakumbatia kapu tangu asubuhi.
"Niyaone basi."
"Utayaona mezani, Mama."

7.
Meza ya sita. Editha akafunua kitambaa.

Meupe.

Meupe kama

"Umeyafanya nini, Mama Lusungu?"
"Nimeyaosha, Mama. Yalikuwa meusi tii! Nikuaibishe mbele za watu? Nimemenya maganda, nikasugua na sabuni ya unga..."
"Kwa maji gani?"
Editha akatazama viatu vyake.
"Maji gani, mwanangu?"
"Ya moto. Masizi yalikuwa hayatoki."
"Moto wa kuoga, au moto wa ugali?"



"Wa ugali."

8.
Waliopita mezani:
— Yanavyong'aa! Haya ya kampuni haya.
— Bibi, mbegu hii unaiuza wapi?
— Mwache, huoni amechoka?

9.
KADI YA MAJAJI, MEZA YA SITA
Usafi: kumi kwa kumi
Mwonekano: kumi kwa kumi
Uotaji: haukupimwa
Nafasi: YA KWANZA

10.
"Cheka kidogo, Bibi," mpiga picha akasema.
Akacheka kidogo.

Festo alipiga makofi mpaka kofia ikamdondoka. Editha hakuwepo. Bibi alimkuta nyuma ya banda la trekta, amejiinamia, uso ndani ya kitenge. Maneno yalikuwepo, yamejipanga kooni kwa Bibi, makali, yanangoja mlango tu. Akaona vidole vya yule binti. Vimechubuka kwa kusugua.
"Umekula?"
"Sijala, Mama."
"Sogea basi nikae. Magoti haya si yangu tena."
Wakala viazi vya kuchemsha, baridi.

11.
Vilivyorudi nyumbani:
cheti kimoja, chenye mhuri
beseni la zawadi
Lusungu, amelala mgongoni kwa baba yake
mahindi kumi

12.
Punje tatu kutoka kila hindi: ya juu, ya kati, ya chini. Thelathini. Bibi akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akakiweka pembeni ya jiko, aone kama zitaota.
Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya tatu, Editha alikimwagia maji mara mbili, akidhani hakuna anayemwona.
Siku ya tano baridi ilikuwa kali. Bibi akasema baridi inachelewesha. Akasema tena, bila kuulizwa.

Siku ya saba wakachuchumaa wote wawili.
"Fungua," Bibi akasema.
"Fungua wewe, Mama. Mimi naogopa."
"Na mimi naogopa. Fungua, kisha uniambie. Ukinidanganya nitajua."

Editha akafungua ncha moja.

Ya pili.