Omena Nje, Winny Golini

Asubuhi ya fainali, kabla hajagusa glavu zake, Winny alimsaidia mamake, Aloo, kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu pale ufukweni Dunga. Ndipo Aloo alipolitoa lile neno alilokuwa nalo moyoni tangu muhula uanze. Tangu Winny arudi kidato cha tatu, yeye ndiye anayembeba mjukuu mgongoni huku akigeuza omena, na sasa mgongo umekataa.

"Mkishinda leo, nitavumilia mpaka mwaka uishe," alisema bila kumtazama. "Mkishindwa, Jumatatu unarudi hapa kwa omena. Mimi si mashine, nyathina, mwanangu."

Winny aliitikia tu. Mtoto ni wake.

Timu ya shule yake ilicheza na wasichana wa Muhoroni, wapinzani wao wa miaka yote. Mashabiki wa Muhoroni walikuja kwa trela la trekta, wakajipanga nyuma ya goli la Winny, wakitafuna miwa na kutema makapi. Habari zake walikuwa nazo. Kila alipodaka mpira walimwita Mama Watoto, wakamuuliza kama nepi zimekauka. Debra, mshambuliaji wao, alipita karibu akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, mtoto analia." Na kweli Rosa, mtoto wake, alikuwa analia.

Aloo alikuwa amesimama naye kando ya uwanja. Hakuja kwa ajili ya mpira; Rosa alikuwa amekataa chupa kabisa, basi alimleta anyonye wakati wa mapumziko, halafu arudi kwa omena zake. Mapumziko yalifika bila bao. Winny aliketi nyuma ya gari la shule, akainua jezi, akamnyonyesha, huku kocha, Mwalimu Kahiga, akiongea na timu akiwa amempa Winny mgongo. Aloo akamfunga mtoto kwa leso, akaondoka. Winny alidhani ameenda zake.

Kipindi cha pili kilipokaribia kuisha, wingu zito lilishuka kutoka upande wa milima ya Nandi. Winny hakuhangaika. Kwa mvua, Aloo ana pua. Wanawake wa Dunga humtazama yeye ndipo waanue. Bila shaka saa hii ameshakusanya.

Halafu akasikia sauti anayoijua ikimuuliza refa kama macho ameyaacha nyumbani.

Matone ya kwanza yakaanguka. Winny akageuka. Mamake alikuwa palepale, amemfunika Rosa kichwa kwa leso, mdomo wazi, macho kwenye mpira. Na omena zote ziko nje! Omena iliyonyeshewa hainunuliwi na mtu, ila wanaotengeneza chakula cha kuku. Winny aliinua mkono amwashirie aende, na mkono ukiwa bado juu, Debra akapiga. Mpira uliteleza kwenye majani yaliyolowa, ukaingia.

Hawakurudisha. Trela la Muhoroni liliondoka likiimba.

Walishuka Dunga mvua ikipungua, mama mbele, binti nyuma na mtoto. Omena zilikuwa zimegandamana na mchanga, kijivu, kama uji uliomwagika. Walipiga magoti wakaanza kuzoa kilichobaki. Winny aliona bora neno la kuacha shule alitoe yeye mwenyewe, mamake asipate shida ya kulisema.

"Nitakuja Jumatatu, Mama."

Aloo aliendelea kuzoa.

"Mimi, Aloo, kusahau omena," alisema, kama anayemsema jirani. "Yule refa amenimaliza. Na yule msichana wa miwa, uliona anavyokuogopa? Alikuwa akikuona umetoka golini, anarudi nyuma."

"Lakini amefunga."

"Amefunga kwa sababu ulikuwa unaniangalia mimi." Alijifuta matope usoni kwa mkono, akajipaka mengine. "Jumatatu nenda shule. Ukitoka darasani uje moja kwa moja, unipokee Rosa, na omena za jioni ugeuze wewe."

"Na mgongo?"

"Utaniuma," Aloo alisema, akamsogezea beseni. "Zoa, kuku pia wanakula."