Sekunde Nne za Onyo

Katika kituo kile cha redio walimwita Cherehani, naye aliipenda lakabu hiyo. Mbali na kusoma habari, kazi yake ilikuwa kusoma onyo ambalo sheria hulidai mwishoni mwa kila tangazo la pombe. Maneno kumi na tisa, sekunde nne. Wengine walikwama katikati, wakameza silabi, wakakohoa. Yeye aliyapitisha yote kwa mkupuo mmoja, na fundi mitambo akainua kidole gumba nyuma ya kioo. Kwa miaka kumi na mmoja alijivunia jambo hilo, kama ambavyo stadi yeyote hujivunia lile ambalo wenzake hawaliwezi.

Tangazo lenyewe lilisomwa na mwenzake, mtu mfupi mwenye sauti nene, ambaye wote walimwita Besi. Yeye alipewa sekunde hamsini za raha: muziki laini, barafu ikigonga glasi, na mwanamume anayependwa, kuheshimiwa na kupandishwa cheo kwa sababu ya kile alichoshika mkononi. Kila asubuhi saa moja na nusu waliketi uso kwa uso wakalisoma moja kwa moja hewani, maana kampuni ya pombe hiyo ilitaka sauti ambazo watu wamezizoea.

Jumapili moja alikwenda hospitali kumwona mdogo wake, fundi magari, aliyekuwa katika wiki ya sita kwenye wodi ya watu wanaoacha pombe. Mikono yake ilikuwa imeacha kutetemeka. Siku hiyo alimenya chungwa zima bila kulitoboa.

"Dada, nikuulize kitu, usinicheke," alisema. "Pale mwisho wa tangazo, huwa unasema nini?"

"Si lile onyo?"

"Najua ni onyo. Linasema nini?"

Mzee wa kitanda cha pili, mwalimu mstaafu, akadakia. "Mimi nimeshawaambia ile ni dua. Huyu binti anatuombea, tena haraka haraka, shetani asije akasikia."

Wodi ikaangua kicheko. Cherehani naye alicheka, kisha akaona kwamba mdogo wake hacheki, anasubiri. Miaka yote ya ulevi wake, redio ya gereji ilikuwa ikilia. Kila asubuhi aliisikia sauti ya dada yake, na hakuwahi kuambulia hata neno moja. Basi dada akamsomea pale pale, taratibu, kama mtu anavyomsomea mgonjwa barua iliyotoka nyumbani.

"Pombe husababisha uraibu. Huharibu ini na ubongo. Haiuzwi kwa mtu aliye chini ya umri wa miaka kumi na minane."

Mdogo wake aliliweka chungwa kando. "Kumbe mlikuwa mnatuambia," akasema. Hakulisema kwa uchungu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi dada yake.

Jumatatu, Besi alipomaliza sehemu yake, fundi mitambo aliinua vidole vinne kama kawaida. Cherehani akasoma. Alisoma kama alivyosoma wodini, akilipa kila neno haki yake. Muziki uliisha kabla yake, na maneno yakabaki peke yake hewani. Zilikwenda sekunde kumi na nne.

Kabla ya saa nne alikuwa ameitwa ofisini kwa meneja, ambako afisa wa kampuni alikwisha kuketi.

"Umetuharibia tangazo," afisa alisema.

"Nimeongeza neno?"

"Hapana."

"Nimepunguza?"

"Tatizo si maneno, mama. Tatizo ni kwamba yanasikika."

Afisa akaanza kupanga upya karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Dada, usinitie matatani," meneja alisema. "Leta barua ya kuomba radhi kesho asubuhi. La sivyo, kiti chako cha habari atakikalia mwingine."

"Niombe radhi kwamba onyo limesikika? Iandike wewe, bosi, nami nitaisoma hewani. Taratibu."

Kesho yake alifika mapema, amevaa gauni lake la harusi za watu, bila barua. Meneja hakumwuliza. Aliichukua karatasi ya onyo, akaiweka mbele ya Besi. "Leo utasoma lote."

Cherehani akasimama nyuma ya kioo. Besi alisoma sekunde zake hamsini, barafu ikagonga glasi, mwanamume akapandishwa cheo. Kisha akaisogelea maikrofoni, na kwa sauti ile ile nene iliyokuwa imeuza kila kitu, akalisoma onyo kwa mwendo ule ule, wala hakuharakisha hata herufi.

Alitoka jasho likimtiririka, Cherehani akamdaka mlangoni.

"Besi! Una wazimu? Una watoto watatu wa kusomesha!"

"Mkubwa ana miaka kumi na sita. Jana mezani alinikariria tangazo zima, hadi mlio wa barafu. Alipofika kwenye onyo akanyamaza. Nilimwuliza mbona huendelei. Akaniambia, baba, pale hapana kitu."

Tangazo lilipaswa kurudiwa saa tatu. Meneja alimpelekea karatasi mtangazaji wa taarifa za barabarani. Mama yule aliifuta miwani yake kwanza. "Nitasoma, mwanangu. Ila ujue mimi tangu nizaliwe sina haraka."

Akamgeukia wa michezo. Wa michezo akawa anatafuta kitu chini ya meza, na hakukipata mpaka meneja alipoondoka. Saa tatu ikafika. Meneja alikuwa angali amesimama katikati ya chumba na karatasi yake, na hapakuwa na mkono hata mmoja ulionyooshwa kuipokea.

Fundi mitambo akapiga muziki mtupu kwa dakika moja.

Ulikuwa sasa wakati wa habari. Hakuna aliyemwambia Cherehani aketi, wala aliyemwambia asiketi. Alipita kati ya wenzake, akavuta kiti, akavaa visikizio, akanyoosha mgongo. Meneja alimtazama kupitia kioo, akamtazama fundi mitambo, kisha akaikunja karatasi ile mara mbili na kuitia mfukoni.

Taa nyekundu ikawaka. Akaanza kusoma.