Wapandaji wa Kijivu

Farasi wote walikuwa na rangi. Wapandaji wao hawakuwa nayo. Walisimama kwenye meza ya mchezo, kikosi kizima cha askari wa bati wasiozidi urefu wa kidole gumba. Farasi walikuwa wa hudhurungi na weusi, mmoja akiwa na baka jeupe usoni lililochorwa kwa ncha ya unywele wa brashi. Juu yao waliketi watu wa kijivu, wasio na macho wala vifungo vya koti.

Wanachama wa klabu ya michezo ya vita vya kale hawakuuliza. Walijua kwamba tangu utotoni fundi saa alipaka farasi, na mdogo wake, mpiga chapa, alipaka wapandaji. Kisha mama yao akafariki. Mpiga chapa alikuwa safarini. Akapiga simu kusema mafuriko yamekata barabara, wamngoje. Kaka yake hakungoja. Mdogo mtu alifika jioni, kaburi likiwa limeshafukiwa. "Nilikuwa njiani," alisema, na hakumsemesha kaka yake tena. Tangu hapo farasi waliongezeka kila mwaka, na wapandaji wakabaki kama walivyotoka kiwandani.

Binti wa fundi saa ndiye aliyekuwa mwamuzi. Walimchagua kwa sababu alikuwa na haya na uso wake haukuvujisha siri. Mwaka huu walirudia vita vya darajani, ambavyo wote walivijua vitabuni: jemadari mmoja alishikilia daraja tangu asubuhi, huku mwenzake amekaa na jeshi la akiba nyuma ya vilima, bila habari, kwa kuwa tarishi alipotelea kwenye ukungu. Kura iliwaweka ndugu hao wawili upande mmoja. Fundi saa alipewa daraja, kwenye ukumbi. Mpiga chapa alipewa akiba, kwenye chumba cha pili, mbele ya ramani tupu. Watu walidhani atakataa. Alikuja, amevaa koti ingawa kulikuwa na joto, mfuko mmoja umetuna.

Kanuni ilikuwa fupi. Majemadari hawaonani. Mmoja humnong'oneza mwamuzi ujumbe, mwamuzi hurusha dadu, na namba itakayotokea ndiyo idadi ya zamu ambazo ujumbe utakaa njiani. Akiba haiondoki bila kuitwa.

"Jemadari," alisema daktari wa meno, aliyeongoza adui, akisogeza mizinga yake, "daraja hilo leo naling'oa kama jino bovu."

"Ng'oa taratibu," fundi saa alijibu. "Na sindano ya ganzi usisahau."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alimwita binti yake kwa kidole, akainama sikioni mwake. Alinuka mafuta ya saa.

"Mwambie ndugu yangu aje," alinong'ona. "Mwambie safari hii nitamngoja."

Binti alielewa; nani asingeelewa? Lakini baba huyohuyo ndiye aliyemfundisha kazi, akamwambia kwamba mwamuzi mwenye huruma ni mwizi aliyevaa vizuri. Akarusha dadu. Ilibingirika ikagonga kingo za meza, ikatulia kwenye sita.

Alipoingia chumba cha pili, baba yake mdogo aliinua uso.

"Enhe, mwanangu. Kuna neno kutoka kwa kaka?"

"Hakuna lililofika, baba mdogo."

Lilikuwa jibu la haki. Hakuna aliyeweza kulipinga kwa kitabu chochote cha kanuni. Mpiga chapa alitikisa kichwa polepole, akaigusa ramani kwa vidole vyenye wino usiotoka.

Zamu zilipita. Ukumbini adui alivuka nusu ya daraja. Binti alikwenda na kurudi. Mara moja alisimama kwenye ujia, katikati ya milango miwili, akasema maneno yale kwa sauti ndogo, ayasikie yanavyosikika. Mtu alipotoka msalani, binti akaharakisha kuondoka.

"Bado?" baba yake mdogo aliuliza tena.

"Bado, baba mdogo."

"Hata salamu?" Alijaribu kutabasamu. "Usijali, mama. Kaka yangu hajawahi kuwa mtu wa kungoja wala kuita. Nilitaka tu kuona."

Hapo ndipo binti alipopaswa kusema. Lakini zilikuwa zimebaki zamu mbili, na ukumbini walikuwa wanamwita apime masafa ya mizinga. Akaenda kupima.

Aliporudi, zamu ya sita ikiwa imetimia, ujumbe uko ulimini, kiti kilikuwa kitupu. Koti halikuwepo. Juu ya ramani, pale penye vilima vya akiba, palikuwa na kopo la bati la peremende. Alilifungua. Ndani ya pamba walilala wapandaji, makoti ya buluu, vifungo vya dhahabu, kila mmoja na macho yake. Miaka yote hiyo mpiga chapa alikuwa akiwapaka. Hakuwa na farasi hata mmoja wa kuwapandisha.

Binti alishuka ngazi mbiombio. Barabarani teksi ilikuwa inakunja kona. Akapiga simu, iliita mpaka ikachoka. Akaandika maneno ya baba yake kama yalivyo, akayatuma, akasimama akikitazama kioo cha simu mpaka kikazimika chenyewe.

Ukumbini daraja lilikuwa limeanguka kwa hesabu ya yeyote, lakini fundi saa alikataa kusalimu amri. Alikuwa ameondoa miti ya sponji kwenye barabara ya mezani, nyuma ya askari wake wachache, ili jeshi litakalotoka vilimani lisikwame.

Binti aliweka kopo mbele yake.

Fundi saa alivaa lenzi yake jichoni. Alimchukua mpandaji mmoja, akambandua yule wa kijivu kwenye farasi mwenye baka, akamkalisha huyu. Alikaa sawasawa.

"Yuko wapi?"

"Baba..."

"Umemfikishia?"

Daktari wa meno aliitazama saa yake, kisha akatazama pembeni.

"Usiseme," alisema fundi saa, bila kuondoa jicho kwenye lenzi. Aliiokota dadu mezani, akaiweka kiganjani mwa binti yake na kukikunja kiganja hicho kwa mkono wake. "Rusha tena, mwanangu. Namngoja."