Kizibao Kimebaki Msumarini

Kizibao cha rangi ya chungwa kilikuwa kikining'inia nyuma ya mlango, na mwenyewe hakuwapo. Deolinda Furtado alikipapasa. Kikavu, na nje manyunyu hayajakatika tangu asubuhi.

Novemba ni msimu wa kuwinda paa. Misitu ya jimbo la Rhode Island haiingiliki bila rangi hiyo mwilini, wawindaji wakuone, na aliyekuwa akiwapigia watu kelele kuhusu jambo hilo ni huyohuyo mumewe, Arlindo, mpangaji wa matembezi ya kikundi chao cha Jumamosi. Sasa kila Jumanne anaaga kwamba anakwenda kukagua njia, kizibao anakiacha, na viatu vinarudi bila hata chembe ya tope. Mwongo hata kudanganya hajui.

Claudette, rafiki yake wa kikundini, alimwambia kwamba mpango wa Jumamosi hii haujamfikia mtu yeyote.

"Shoga, mzee wa miaka sabini akianza kunyoa ndevu Jumanne, mfuate," alisema.

Jumatatu jioni Deolinda alimuuliza mumewe, kwa sauti ya kujifanya hana haja na jibu, kesho atapitia wapi.

"Nitapita kwa Medeiros, halafu nishike njia ya bwawani."

Kwa Medeiros palikuwa na duka la mikate, lilishafungwa zamani, sasa pana duka la kufulia nguo kwa mashine. Deolinda hilo halikumshtua. Watu wa huko ndivyo wanavyoelekezana: kata kulia kwenye sinema iliyoungua, kushoto kwenye shule iliyobomolewa. Kilichomshtua ni kwamba mtaa huohuo anakaa Odete, mjane mwenye kicheko kirefu. Kwa wivu, usiku huohuo alimpigia Claudette kuazima gari.

Kesho yake alimfuata, kwa gari la Claudette. Arlindo aliegesha mbele ya duka la kufulia, akashuka kanyoa, kachana nywele. Mlango ukafunguliwa, mwanamke akatoka, akamshika mkono, akamwingiza ndani. Deolinda alivuka barabara mbio, matusi yako tayari mdomoni.

Mwanamke hakuwa Odete. Alikuwa mfanyakazi wa pale, na aproni yake ilinuka sabuni.

"Wewe ndiye mkewe?" aliuliza taratibu. "Afadhali umekuja, mama. Kila Jumanne anakuja kuulizia mikate. Namwambia hapa tunafua nguo, ananiambia atangoja. Basi nampa kahawa."

Arlindo alikuwa ameketi mbele ya mashine zinazozunguka. Alipomwona mkewe uso ulimchangamka.

"Linda! Leo Medeiros kachelewa kufungua. Nataka mikate mitamu, ya wale wa Jumamosi."

Matusi yote yalimtoka Deolinda kichwani. Usiku kucha alikuwa amemchukia Odete wa watu, na sasa angetoa chochote amkute Odete amekaa pale, anacheka kicheko chake. Alijikokota akaketi kando ya mumewe.

"Tumngoje basi," alisema. "Halafu?"

"Halafu njia ya bwawani." Arlindo alimkagua toka juu hadi chini, akakunja uso. "Na kizibao chako kiko wapi? Unataka wawindaji wakudhanie paa?"

"Nimesahau, Lindo."

Arlindo alimshika mkono, akaupapasa kwa huruma.

"Siku hizi unasahau sana," alisema.