Kadi Namba 341

Benedicta Mrema alifika Toronto mwaka 1990 akitokea Moshi, akapata kazi katika kiwanda cha swichi za umeme huko Don Mills. Kiingereza cha darasani alikuwa nacho. Kilichomshinda ni mazungumzo ya saa ya chakula, maana wenzake waliongea hoki ya barafu tu, na yeye hakumjua mchezaji hata mmoja. Siku moja fundi aliyekaa naye meza moja alimpa pakiti ya kadi za wachezaji. Kila kadi ilikuwa na picha mbele, na nyuma yake namba na rekodi ya mchezaji. Benedicta alizisoma ndani ya basi mpaka nyumbani Lawrence Heights. Kesho yake aliuliza ziko ngapi kwa jumla, akaambiwa mia tano ishirini na nane.

"Basi nitazitafuta zote," alisema.

Miaka ile hakuna aliyemshangaa. Nusu ya kiwanda walikuwa wakikusanya seti. Mtu alitembea na karatasi ya namba anazokosa, na zilizomzidi alibadilishana na wenzake wakati wa chakula. Benedicta alimaliza seti ya kwanza kabla theluji haijayeyuka, na kufikia hapo aliweza kubishana juu ya magolikipa kama mzaliwa wa mji. Akajiwekea desturi: kila mwaka seti moja, kutoka kadi ya kwanza mpaka ya mwisho.

Wenzake waliacha mmoja mmoja. Kadi zilichapwa nyingi mno, watu wakazichoka. Ziliporudi kwenye chati miaka ya karibuni, zilirudi kwa namna nyingine. Sasa watu walifukuzia kadi adimu tu, zenye saini au kipande cha jezi. Dukani kwa Navroz, mzaliwa wa Dodoma anayeuza kadi karibu na Wynford Drive, Benedicta aliwaona watu wazima wakifungua pakiti, wakichomoa kadi moja na kuziacha nyingine kaunta kama maganda ya karanga. Navroz alizikusanya akamwekea kwenye boksi. Binti wa Benedicta, Brightness, ambaye ni nesi, alimwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba anaokota takataka za watu. Benedicta alinunua rafu nyingine ya kuwekea albamu zake.

Kisha mwaka juzi upepo uligeuka tena. Watu walichoka kufukuzia kadi wasizozipata, wakaanza kuuliza habari za seti. Navroz alibandika tangazo la kukutana kila Jumamosi. Siku ya kwanza walikuja wanne. Kufikia mwaka jana walipita thelathini, kila mmoja na orodha yake, na wengi walikuja moja kwa moja kwenye kiti cha Benedicta kuuliza hili na lile. Hakuna mwingine pale aliyekuwa na seti thelathini na nne.

Januari mwaka huu dukani aliingia mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, anayechechemea. Alijitambulisha kuwa ni Lorne Haskett. Alicheza mechi kumi na moja katika ligi kuu mwaka 1992, wakamchapia kadi ya msimu uliofuata, halafu goti likavunjika mazoezini na mchezo ukaishia hapo. Kadi yake aliipoteza chumba cha chini ya nyumba kilipofurika maji. Maduka matano yalimwambia kadi za namna hiyo hakuna anayezitunza. Navroz alimwelekeza kwa Benedicta.

"Dada Benedicta, huyu anajitafuta mwenyewe," alimwambia kwa Kiswahili.

Jumamosi iliyofuata Benedicta alileta albamu ya msimu huo. Akafungua ukurasa, na pale kwenye namba 341, katikati ya wachezaji wawili mashuhuri, alikuwepo Lorne akiwa kijana wa nywele ndefu. Mwanamume huyo aliangalia muda mrefu, kisha akaomba kuinunua.

"Hii siitoi," Benedicta alisema. "Nikiitoa, seti imekufa." Lorne aliitikia kwa kichwa na kuanza kuchukua koti lake. "Kaa kwanza. Sikusema hutaipata," Benedicta alimwambia.

Alisimama akawaomba wote watazame maboksi yao ya zamani. Ndani ya wiki mbili watu walifukua stoo za Vaughan, Scarborough mpaka Hamilton, na kadi sita za Lorne Haskett zikaletwa dukani.

Siku ya kumkabidhi moja ya kadi hizo kulikuwa na theluji nyingi, hivyo Brightness alimwendesha mama yake, akaingia naye ndani. Lorne aliishika kadi kwa mikono miwili. Alimuuliza Benedicta kwa nini ametunza miaka yote hiyo kadi ya mtu ambaye karibu hakucheza.

"Ulicheza," Benedicta alimjibu. "Imeandikwa hapo nyuma, mechi kumi na moja."

Wale watano walioleta kadi nyingine wakaziweka mezani mbele yake, wakaomba saini. Ile ya kwanza Lorne aliitia saini akiwa ameinama. Kufikia ya tatu alikuwa amenyoosha mgongo, akieleza jinsi baba yake alivyoendesha gari kwa muda wa saa saba kuja kumwona akicheza, na duka zima lilikuwa limemzunguka. Benedicta alikaa pembeni na albamu yake magotini. Hakuwa na haja ya saini. Alijua kwamba bila yeye kadi zile zisingefika pale, na hakuona haya kulifurahia hilo.

Walipotoka, Brightness alifuta theluji kwenye kioo, akaingia garini, lakini hakuwasha. Aliuliza seti ya mwaka huu imebakiza kadi ngapi.

"Kumi na mbili," mama yake alisema.

Brightness alitoa simu, akamwambia amtajie namba za kadi hizo aziandike.