Ramani Juu ya Shaba

Bartholomeo aliniamkia kabla hajampiga mjukuu wangu. "Shikamoo, bibi." Nikaitika marahaba, huku panga naliona mkononi mwake.

Ilikuwa mchana, mwaka tisini na saba, chumbani kwetu Kalangalala, penye machimbo ya dhahabu. Mjukuu wangu, Euphrasia, alikuwa fundi redio na mimi nikimsaidia, maana kazi ile inataka mkono usio na haraka. Unachora njia za umeme kwenye karatasi, unatoa fotokopi, unailaza kifudifudi juu ya kibao chenye ngozi ya shaba. Unailowesha kwa dawa ya kufutia rangi ya kucha, unakandamiza, unasubiri. Wino unahamia kwenye shaba. Kisha kibao kinaingia kwenye asidi ya wasafisha dhahabu, inakula shaba yote isipokuwa penye wino. Siku hiyo kibao kimoja kilikuwa mezani chini ya karatasi yake, na bakuli la asidi kando.

Bartholomeo, mchimbaji, alikuwa amemwona Euphrasia dukani kwa Vipul akitoa fotokopi ya mistari, akadhani ni ramani ya mwamba wenye dhahabu.

"Ramani ya mwamba iko wapi?"

"Ramani gani, kaka? Zile ni nyaya za redio."

"Redio ina barabara? Ina mashimo? Umeniona mshamba!"

Akampiga mdomoni kwa ubapa wa panga, jino likaruka. Akaubana mkono wa kulia wa Euphrasia mezani, akakata kidole cha mwisho kama anayekata muhogo.

"Mayu wee!" Euphrasia akalia, akimwita mama.

"Kinafuata kingine, mpaka useme."

Fundi bila mkono wa kulia ataitwa fundi wa nini? Nikasema, "Mwache, baba. Ramani hiyo hapo, chini ya karatasi. Ila ukiivuta mbichi inafutika. Subiri ikauke."

"Unanichezea, bibi?"

"Nikuchezee, na damu ya mtoto wangu hii?"

Akasubiri. Damu ilichuruzika mpaka sakafuni. Mjukuu wangu alikuwa ananitazama, nami sikumtazama.

"Haya, sasa. Taratibu, mikono yote miwili."

Akaweka panga mezani, akabandua. Mistari ikabaki kwenye shaba, myeusi, mizuri. Akacheka kama bwana harusi, akainama. "Hapa katikati ndipo penye..."

Nikammwagia bakuli la asidi usoni.

Alinguruma kama fahali anayechinjwa, akapapasa meza kutafuta panga. Euphrasia alishalichukua kwa mkono wa kushoto. Akampiga la goti. Akarudia. Sikumzuia.

Tulipanda basi la Kahama na nguo tulizovaa, mkono umefungwa khanga. Kama yule macho yalipona, sijui, wala sikuuliza. Vidole vinne vinashika chuma cha kulehemu vizuri tu.